Kifurushi Kilichoshonwa

Illasit
Jumatatu, 2 Septemba 2024

Kwa mke wa Saruni,

Takwenya, nakusalimu.

Nakuandikia barua kwa sababu simu ni ya kukimbia. Mtu akiulizwa kitu kigumu anasema netiwaki imepotea. Karatasi haina netiwaki ya kupotea. Nilienda ngumbaru nikiwa tayari na wajukuu, watu wakanicheka miaka mitatu, lakini kuandika nikajua. Kwa hivyo soma hii yote, usiruke.

Umeona sijaandika Pakerr. Siku ile ulipoingia boma letu kama bibi harusi nilikupa kondoo, na tangu hapo mimi nakuita Pakerr na wewe unaniita Pakerr, kwa sababu kondoo ametuunganisha. Miaka kumi na mbili sasa. Leo mkono umekataa kuandika hilo jina.

Saruni alikuja kwa harusi ya kijana wa baba yake mdogo, Sankale. Alishuka kwa gari nikafikiri ni mgeni anaulizia njia. Shingo imekuwa nyembamba, kola inazunguka yenyewe. Mkanda ametoboa mashimo mapya na msumari, nimeyahesabu, ni matatu. Wamama wakaniuliza, "Huyu ni Saruni? Anaumwa?" Nikasema haumwi. Mmoja akauliza, "Kwani alioa nani?" Hapo ndipo walinichoma.

Alikula vipande viwili vya nyama akasema ameshiba. Mtoto wa baba yake! Baba yake alikuwa anamaliza mguu wa mbuzi akiongea tu.

Nimempa Mulwa, yule wa lori la nyanya, mtungi wa mafuta ya kondoo. Nimeyachemsha mwenyewe. Saruni apewe kijiko kikubwa asubuhi na kikubwa jioni, ndani ya maziwa ya moto. Usiyamwage, nitajua.

Tena nataka uniandikie chakula unachompikia, siku kwa siku, na vile unakipika. Nikiona ni chakula cha mtu nitanyamaza. Nikiona si chakula, mwezi ujao Sankale atampeleka olpul. Wanaume watachinja ng'ombe porini, wakae huko wiki mbili wakila nyama na kunywa supu ya mizizi, mbali na macho ya wanawake, mpaka mtoto wangu arudi na shingo yake.

Nasieku, Mama Saruni


Kitengela
Ijumaa, 6 Septemba 2024

Pakerr,

Iko.

Salamu nimeitikia. Mulwa ameleta barua na mtungi. Nilisoma nikiwa kwa cherehani, nikashona mfuko wa yunifomu ukiangalia chini. Nimeufumua. Sasa nataka kukwambia ukweli kabla sijapoa.

Saruni anaumwa. Ni sukari. Tulijua mwezi wa nne. Alikuwa anakunywa maji kama anayavuta kutoka kwa ile lori yake ya kuuza maji, na bado kiu haiishi. Siku moja akarudisha lori mapema, akasema barabara ya Namanga inakuwa mbili. Nikamkokota mpaka kliniki. Wakamtoboa kidole, ikasoma kumi na nane. Daktari alikuwa kijana mdogo, akachora sahani kwa karatasi, akaigawa, akatuambia hii nusu ni mboga, hapa ni ugali kama ngumi yako, hapa ni maharagwe. Akampa vidonge vya asubuhi na jioni. Akasema kilo zikipungua, sukari nayo itashuka. Zimepungua kumi na nne, Pakerr. Hiyo shingo uliyoiona nimeitafuta kwa jasho langu.

Tulipotoka hapo aliniapisha. Tukiwa kwa barabara, watu wanapita, akanishika mkono akasema, "Apa kwamba Mama hatajua." Nikauliza kwa nini. Akasema, "Baba alikufa na hii kitu, na ni Mama alikuwa anampikia." Nikaapa.

Kuna kidole cha mguu wake hakisikii. Mwezi wa sita alikanyaga mwiba asubuhi, akatembea nao mpaka jioni bila kujua, nikauona mimi nikimvua soksi. Ni mguu wa kushoto. Ule ule waliomkata baba yake.

Ninachoogopa zaidi ni hiyo olpul. Si nyama tu. Hawezi kumeza vidonge mbele ya wanaume wa rika lake, namjua, afadhali afe. Ataviacha nyumbani. Wiki mbili bila dawa, na huo mguu, kwa miiba ya porini.

Nimesikia lori lake. Anaegesha. Nilimwapia, siwezi kutuma hii. Naikunja naiweka chini ya kitambaa cha cherehani, ikae hapo.


Kitengela
Jumamosi, 7 Septemba 2024

Pakerr,

Iko. Wewe mkono wako umekataa hilo jina, lakini kondoo nilipewa mimi na sikumrudisha, kwa hivyo nitaliandika.

Umeuliza ninachompikia, nitakujibu bila kuficha.

Asubuhi anakunywa chai ya rangi yenye tangawizi, bila sukari, na viazi vitamu viwili vidogo vya kuchemsha au kipande cha nduma. Mkate tumeacha. Akienda kazini anabeba chakula kwa mkebe. Wanaume wenzake walikuwa wanamcheka, sasa wawili wameanza kubeba.

Maharagwe naloweka Jumamosi, kama sasa hivi yako kwa ndoo. Kesho nikitoka kanisani namwaga hayo maji, naweka mengine, nachemsha kwa jiko la makaa mara moja tu, halafu nagawa kwa mikebe na kuweka kwa fridji. Gesi inabaki ya kupasha moto peke yake. Jumatatu nayapika na kitunguu, nyanya nyingi za huko kwenu, karoti na dania. Ukiponda ngumi moja ya hayo maharagwe na kurudisha kwa sufuria, mchuzi unakuwa mzito na hakuna mtu atakuuliza mafuta yako wapi. Mafuta naweka kijiko kimoja kwa sufuria yote.

Jumanne ni ndengu. Jumatano ni omena. Natoa vichwa, naosha kwa maji ya moto mara tatu, nakaanga kavu mpaka zilie, ndipo naweka nyanya na ndimu. Alhamisi githeri, lakini yangu ina maharagwe mengi na mahindi machache, na kabeji juu. Ijumaa ni mayai mawili na mchicha. Jumamosi tunamaliza kilichobaki. Nyama ni Jumapili, robo kilo ya mafupa na biringanya, kwetu sote wanne.

Mboga za majani ni kila siku. Managu, terere, sukuma. Mama wa kibanda hapa nje hunipunguzia bei jioni akifunga. Sizichemshi mpaka zife. Kitunguu kikilainika na maji kidogo natupa mboga, nafunika, nahesabu mpaka mia moja, natoa. Ugali ni wa wimbi na mahindi, kipande kama ngumi yake, na sahani nimemnunulia ndogo ili isionekane tupu.

Sababu ni pesa. Maji ya lori hayanunuliwi kama zamani, watu wamechimba visima, na Saruni anafanya kazi siku nne kwa wiki. Tunabana. Ni hivyo tu.

Usifikirie simwangalii. Kila jioni akifika namwekea beseni, namwosha miguu kwa maji ya vuguvugu, nakausha mpaka katikati ya vidole, naiangalia mmoja mmoja. Wake wangapi hapa Kitengela wanafanya hivyo?

Mafuta yamefika. Ahsante sana.

Pakerr wako,
Mugure


Illasit
Jumanne, 17 Septemba 2024

Kwa mke wa Saruni,

Nimesoma. Mara ya pili nilisoma kwa sauti, mbwa akasikia akatoka nje.

Jumatatu majani, Jumanne majani, Jumatano hiyo kitu inaitwa omena. Samaki! Mwanangu! Babu zake walikuwa wanaona samaki wanapita njia nyingine, na wewe unamlisha za ukubwa wa kope. Ugali kama ngumi. Chai kavu. Kijiko kimoja cha mafuta kwa watu wanne, mimi hayo napaka mikono asubuhi na yanabaki.

Halafu unaniambia ni pesa. Niko na ng'ombe hapa nje wanalia. Ungesema neno moja ningeuza mmoja, Mulwa angekuletea pesa siku hiyo hiyo. Hukusema. Umekaa hapo unahesabu mpaka mia moja ukipika majani, na mtoto wangu anaisha. Mimi nitakwambia wewe ni nini. Wewe ni mchoyo. Nimeandika kwa kalamu ya wino na haifutiki.

Na hayo mambo ya kumwosha miguu usinidanganye nayo. Mtu hashibi kwa miguu.

Sankale ameshachagua ng'ombe, ni yule mweusi wangu. Saruni awe hapa Jumamosi, tarehe ishirini na nane. Wataingia porini Alhamisi inayofuata. Asipokuja nitakuja mimi mwenyewe na wazee, tuketi hapo kwako, tuulize kama hii ndoa iko na chakula au haina.

Nasieku


Kitengela
Jumapili, 29 Septemba 2024

Pakerr,

Najua Saruni amefika. Aliondoka jana alfajiri, kabla sijaamka vizuri, akasema hataki wazee waje kuniketia. Nikamuuliza, "Umebeba kila kitu?" Akasema amebeba. Leo nimetoa shuka zifuliwe nikakuta alichoacha, kimefungwa kwa soksi, chini ya godoro upande wake. Nimempigia simu tangu asubuhi, imezimwa.

Nampa Mulwa kifurushi, atapita kwako kesho. Nimekishona pande zote kwa uzi wa yunifomu, mara mbili. Tafadhali mpe Saruni mkononi, akiwa peke yake, kabla hajaingia porini. Nakuomba Pakerr, usikikate. Si eti sikuamini. Kuna mtu nilimwapia kitu, na kiapo nacho nimekishona humo humo.

Uliniita mchoyo. Nilisoma hilo neno nikalia, halafu nikaamka nikapika, kwa sababu jioni ilikuwa imefika na watu wanakula. Ukitaka kuja na wazee, karibu. Nitawapikia wote na nitajibu kila swali ninaloweza. Lakini hiki kifurushi kifike kwanza. Mengine yote yanaweza kungoja, hiki hakiwezi.

Mugure


Illasit
Jumanne, 8 Oktoba 2024

Mama Kakenya,

Habari ya huko? Mimi niko salama. Simu ilianguka ndani ya maji ya ng'ombe siku ya kwanza, ndio maana. Nimenunua daftari.

Sikiza, kuna shida hapa na usiambie mtu yeyote. Mama anaumwa. Ni ile kitu. Sukari.

Ilikuwa Jumanne jioni, siku moja baada ya Mulwa kupita. Mama aliniita nyuma ya nyumba, akanipa kile kifurushi chako, hakuuliza ni nini, mimi pia sikusema. Nimekipata, usijali, natumia. Nilijua utakiona. Samahani. Halafu akakaa kwa jiwe akasema, "Saruni, niko na sukari, na nilikuwa nimewaficha." Nikamuuliza ni tangu lini, akasema tangu kitambo. Sasa fikiria, mzazi anaficha mtoto wake ugonjwa kama huo! Nilikasirika, nikamwambia hivyo. Unaweza kucheka, najua unacheka.

Basi akasema sista wa zahanati amempa chakula chake, majani na maharagwe na ugali kama ngumi, lakini hawezi kukila peke yake, kinamkwama kwa koo. Akaniuliza, "Nyinyi mlipokuwa morani, kuna mmoja wenu alikula peke yake?" Nikasema hapana, ilikuwa mwiko. Akasema, "Basi mimi nile peke yangu kwa nini?"

Kwa hivyo olpul nimewaachia wao. Sankale alikuja kuchukua yule ng'ombe mweusi, Mama akasimama kwa mlango wa zizi akasema ng'ombe haendi, atauzwa kwa matibabu. Sankale akamwambia ameharibu mambo ya wanaume. Mama akamjibu mambo ya wanaume yana ng'ombe wao, huyu ni wake. Wameenda na beberu wa Sankale.

Mimi ndiye ninapika. Usiseme kwa shoga zako. Mama anakaa kwa stuli anatoa amri, "Mafuta ni kijiko kimoja, hesabu mpaka mia, ponda ngumi moja ya maharagwe." Sijui alijifunzia wapi. Jana nilipika ndengu ikakuwa simiti. Yako haikuwi simiti, kwa nini? Niandikie. Omena amekataa kabisa, amesema afadhali ugonjwa.

Nitakaa mpaka Mama azoee. Bosi nimempigia kwa simu ya Mulwa, amesema siku nne zangu atampa mtu mwingine mpaka nirudi. Salimia Kakenya na mdogo wake.

Wako,
Saruni


Illasit
Jumapili, 20 Oktoba 2024

Pakerr,

Takwenya, Pakerr. Naandika mara mbili kwa sababu ya zile barua sikuliandika.

Sikukata kifurushi chako. Uliniambia nisikate, nikakuheshimu. Lakini hukuniambia nisitikise.

Nilikitikisa karibu na sikio kikalia. Hiyo sauti naijua. Mzee wangu alikuwa anaweka vidonge vyake kwa mkebe wa tumbaku, kwa vile hakutaka watu waone. Alikuwa anashika mkebe, anatikisa, unalia, anasema "si huu", anachukua ule mwingine wenye tumbaku. Miaka miwili nilisikia hiyo sauti asubuhi na jioni, na sikumwambia hata siku moja, "Ni huo, mzee, fungua."

Nilikaa chini hapo hapo. Nikatoa barua yako nikaisoma tena, polepole, kwa kidole. Ugali kama ngumi. Chai bila sukari. Katikati ya vidole. Mtu hakaushi katikati ya vidole kwa sababu hana pesa. Mimi ndiye mjinga wa Illasit yote, nilisoma nikaona majani tu.

Sasa nitakwambia kitu ambacho hata Sankale hajui. Mwaka ule mzee alipoanza kuumwa, sista wa zahanati alinipa karatasi. Ilikuwa imechorwa sahani, nusu ni majani. Sikuwa nimejua kusoma bado, lakini sahani ni sahani, nilielewa vizuri sana. Nikaona haya. Nikasema watu watasema Nasieku analisha mume wake kama mbuzi. Hiyo karatasi niliwashia moto, na kwa moto huo nikachemsha mafuta. Wanaume walikuwa wanapita wanasema, "Huyu ametunzwa." Walipomkata mguu nikaongeza supu. Nilimlisha kwa mkono wangu, nikisifiwa, mpaka akaisha. Na Saruni anajua. Alikuwa kijana mkubwa, aliona yote. Nikaelewa kwa nini alikuapisha. Haoni aibu ya ugonjwa. Alikuwa ananifunika mimi, ili nisijue nilichofanya. Nililia kwa zizi jioni hiyo, ng'ombe wakinizunguka, mpaka nikasikia njaa.

Kuhusu ugonjwa wangu, ulikuwa uongo. Usicheke. Niliutunga nikiwa natoka kwa zizi. Nilijua nikimwambia "najua unaumwa" angekataa, na angeenda porini siku hiyo hiyo kunionyesha yeye ni mzima. Lakini nikiumwa mimi, atakaa. Anapenda kutunza mtu kuliko kutunzwa, ametoka kwangu. Kile chakula nilikitoa kwa barua yako, neno kwa neno. Niliificha chini ya aproni, na nikisahau kitu naenda nje kama naenda kuangalia kuku.

Lakini uongo uko na kazi. Baada ya wiki moja akasema, "Mama, kesho ni kliniki yako, nakupeleka." Tukaenda zahanati. Njia yote nilikuwa natafuta maneno ya kumwambia sista anisaidie kudanganya. Tumefika, kabla sijafungua mdomo ameshanitoboa kidole. Akaangalia kile kimashine. Akanitoboa kingine. Akasema, "Mama, hii ni kumi na tatu. Unatumia dawa gani?" Nikamwambia rudia. Akarudia, ikawa kumi na tatu ile ile.

Saruni akashtuka akidhani sukari yangu imepanda sana. Akasema nitoboe na mimi, Mama asiogope peke yake. Yake ilikuwa saba. Sista akamwambia, "Wewe unaendelea vizuri, usiache." Mimi nikaangalia nje kwa dirisha kama sikusikia. Yeye akaangalia viatu.

Kwa hivyo sasa nimeacha kudanganya, niko nayo kweli, na dawa nimepewa. Zinalia vile vile. Nimeziweka kwa mkebe wa mzee, ule ule wa tumbaku, pale juu ya meza, na kila mtu anaona.

Saruni hajui kwamba najua yake. Mwache tu. Tunakula sahani sawa, hiyo inatosha. Siku akitaka kuniambia ataniambia, niko hapa. Atarudi kwako Ijumaa na lori la Mulwa. Mwambie bosi ajiandae.

Ile barua nyingine, yenye neno nililosema halifutiki, mpe Mulwa airudishe huku ikiwa imefungwa, niichome mwenyewe. Na kondoo anakuja na lori hilo hilo. Jina nilikuwa nimelinyang'anya, na Pakerr hairudi mikono mitupu. Ni jike, mkia wake wa mafuta ni mkubwa sana. Mfuge azae, usimpe Saruni huo mkia. Yale mafuta ya kwanza uliyapeleka wapi, usiniambie, nahisi ni kwa bawaba za geti.

Niandikie ndengu zinapikwaje zisikuwe simiti. Hata omena niandikie, nitafunga macho.

Jana nilikuwa nimechoka, nimekaa nje kwa stuli. Saruni akatoka na beseni ya maji ya vuguvugu, akapiga magoti kwa vumbi, mwanaume wa umri huo, akaanza kuniosha miguu. Sankale alikuwa anapita, akaona, akageuka na njia aliyokuja nayo. Saruni hakuinua kichwa. Alikausha mguu mmoja, katikati ya vidole, kidole kwa kidole, halafu ule mwingine, akaangalia chini ya unyayo kama anasoma kitu. Nikamuuliza, "Hii umejifunzia wapi?"

Akasema, "Kuna mtu nilimwona akifanya."

Pakerr wako,
Nasieku